Jumanne ya Mwisho ya Mama Ruta

Jumanne hii, tarehe 30 Juni, Mama Ruta anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuuhudumia mtandao wa kompyuta wa hospitali yetu na zahanati zake zote. Atakabidhi funguo za chumba cha mitambo, kadi ya mlangoni, na ngazi fupi ya mbao aliyokuja nayo kutoka nyumbani kwake mwaka wa pili kazini, kwa sababu ngazi ya idara ilikuwa imevunjika na hakuna aliyejali. Ngazi hiyo anatuachia. Kikombe chake cha bati ameshakibeba.

Ofisi ya utumishi imeandika ukurasa wa vyeti vyake na tarehe za kupandishwa cheo. Uko nyuma ya kijarida hiki na yote yaliyomo ni kweli. Ukurasa huu wa mbele aliomba mwenyewe uandikwe na kikosi cha mitaro, yaani sisi tunaochimba, tunaovuta kebo na kufukia. Alipoulizwa kwa nini, alisema wengine wamemwona akiwa amekaa, sisi tumemwona akitembea. Basi msomaji atuvumilie. Kalamu yetu ni sururu.

Alipoajiriwa, hospitali ilikuwa na majengo manne na ruta nne. Kwa asiyejua, ruta ni kisanduku kinachokaa kwenye njia panda ya mtandao na kuamua kila ujumbe upite wapi: majibu ya maabara yaende wodini, cheti cha dawa kiende dirisha la dawa. Enzi hizo ruta hazikujua kitu zenyewe. Mama Ruta ndiye aliyeziandikia njia kwa mkono, moja moja. Ukitaka maabara pita huku, ukitaka stoo pita kule. Kwa majengo manne hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi moja, na watu walimwona ana raha. Fundi wa jenereta alimuuliza kama ameajiriwa kunywa chai.

Kisha zahanati zikaanza kuunganishwa. Kila mpya ilipokuja, ilibidi aandike njia yake kwenye ruta zote za zamani, na njia zote za zamani kwenye ruta hiyo mpya. Zilipofika ishirini akawa mtu wa kukimbia na ngazi yake. Siku moja majibu ya vipimo vya damu kutoka zahanati ya machimboni yakapotea. Ruta ya kwanza ilikuwa imeandikiwa kwamba njia ya maabara kuu iko kwa ya pili, na ya pili imeandikiwa kwamba iko kwa ya kwanza. Majibu yakawa yanarudishwa huku na huku, kama mgeni kati ya wake wenza wawili, kila mmoja akisema chakula kiko kwa mwenzake, mpaka yakafia njiani. Mama Ruta alilitafuta kosa tangu asubuhi hadi jioni, na alipolipata lilikuwa la mkono wake mwenyewe. Alikwenda maabara akasimama mbele yao. "Nimewapotezea siku," akasema. "Kosa ni langu, na nikiendelea kuandika kwa mkono nitalirudia."

Ndipo akaleta itifaki ya uelekezaji. Neno ni kubwa, jambo lenyewe ni dogo. Ni makubaliano kati ya ruta na ruta. Kila moja inawasalimu majirani zake kila baada ya sekunde chache, na inawaambia inaweza kufika wapi. Jirani akiitikia, yupo. Akinyamaza salamu kadhaa mfululizo, anahesabiwa ameondoka, na zilizobaki zinatafuta njia nyingine bila kumngoja mtu wala ngazi yake. Alitueleza hayo tukiwa tumekaa juu ya lundo la udongo wakati wa kupumzika. "Mlinzi akiwasalimu asubuhi pale getini," alisema, "mnadhani ana shida na habari zenu? Anataka kujua mpo."

Mmoja wetu akajibu kwamba mlinzi yule anataka sigara. Mama Ruta akasema hata hiyo ni dalili ya uhai.

Mtandao ukakua kwa mtindo huo miaka mingi bila shida. Zahanati zilipopita sitini, shida ikaja kwa sura nyingine. Kule machimboni umeme ulikuwa wa kubembeleza. Taa ikipepesa, ruta ya kule inazima, ikirudi, inawaka. Kila ilipozima na kuwaka, habari zilienea mtandao mzima, na kila ruta, hata iliyoko makao makuu, iliacha shughuli yake na kuanza kupiga hesabu upya za njia zote. Taa moja inapepesa machimboni, na dirishani kwa dawa hapa watu wanasimama foleni mpaka nje kwa sababu kompyuta imeduwaa. Wakubwa walitaka zinunuliwe ruta zenye nguvu zaidi. Mama Ruta aliwaambia nguvu haitasaidia. "Huu mtandao kila mtu anajua habari za kila mtu," alisema kwenye kikao. "Hata ukoo hauwezi kuishi hivyo."

Dawa yake ilikuwa kuugawa mtandao katika kanda. Zahanati za upande mmoja zinakuwa ukanda mmoja, na zinajuana zenyewe kwa zenyewe, shida na raha. Mpakani mwa kila ukanda inakaa ruta moja yenye adabu. Hiyo haipeleki umbea nje. Inasema neno moja tu: wa upande huu wote wako kwangu. Kanda zote zinakutana kwenye njia kuu ya katikati, ambayo mafundi wanaiita uti wa mgongo. Tangu siku hiyo taa ya machimboni ikipepesa, wanaosumbuka ni majirani wa machimboni. Dirisha la dawa halina habari.

Si kila mtu alifurahi. Daktari mkuu wa hospitali nyingine, ya pili kwa ukubwa katika mtandao wetu, alikuja mwenyewe na gari, akiwa na hasira ya kistaarabu. Alikuwa amesikia kwamba hospitali yake itawekwa ndani ya ukanda, pamoja na zahanati ndogo ndogo, na kwamba ruta za makao makuu hazitaijua tena kwa jina. Alitaka aunganishwe moja kwa moja na uti wa mgongo, kwa heshima ya hospitali. Sisi tulikuwa tunapitisha kebo darini, kwa hiyo tulisikia yote.

"Daktari," Mama Ruta alimwambia, "mgonjwa akija kwako na kidole kimekatika, unamwita daktari wa meno, wa macho na wa wazazi, waje wote wakitazame?"

"Hapana. Wana kazi zao."

"Na ruta zangu zina kazi zao."

Daktari akatazama dari, akaona miguu yetu inaning'inia. Akauliza kama hata wale walioko juu wanakubaliana na mama huyu. Kiongozi wetu, ambaye sote tunamwita Nyapara ingawa hapendi, akajibu kwamba sisi tunakubaliana na anayetuletea chai. Mambo yakaishia hapo, na hospitali ya pili iko ndani ya ukanda mpaka leo, na daktari yule amealikwa kwenye sherehe.

Kulikuwa na sharti moja la hizo kanda. Ili ruta ya mpakani iweze kusema neno moja badala ya mia, anwani za mashine za ukanda lazima zifuatane, kama namba za nyumba za mtaa mmoja. Zetu zilikuwa zimetapakaa, kwa kuwa kila zahanati ilipewa namba iliyokuwa wazi siku ilipofika. Ilibidi mashine zote zibadilishiwe namba, zahanati kwa zahanati. Alizunguka mwaka mzima na gari la dawa, akikaa mbele na dereva, ngazi ikiwa nyuma kati ya maboksi. Na katika kila ukanda aliacha namba nyingi wazi katikati, hazina mtu. Aliziita viti vya wageni. Mhasibu mkuu, mtu wa mzaha mkavu, alimuuliza, "Unawawekea viti watu ambao hawajazaliwa?"

"Hata wazazi wao hawajaoana," akajibu.

Wazazi walioana miaka sita baadaye, pale zahanati za kampuni ya mashamba zilipokabidhiwa kwetu zote kwa mkupuo. Ziliingia kwenye viti vyao zikakaa. Katika kanda nyingine hapakuguswa hata mstari mmoja.

Sasa tuje kwenye Jumanne, maana ndiyo watu wengi wanaijua. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, watu wote wakiwa kazini, Mama Ruta alichomoa waya mmoja unaofanya kazi. Alichomoa kwa makusudi, kwa mkono wake, baada ya kutoa tangazo. Alitaka kuona kama mtandao utapata njia nyingine kweli, au unasema tu. Aliambiwa afanye hivyo Jumapili, watu wakiwa makwao. Alikataa. Alisema Jumapili kila kitu kinapita, hata uongo.

Mara ya kwanza mtandao haukupata njia nyingine. Itifaki ilikuwa imeandikwa vizuri kila mahali isipokuwa kwenye ruta moja, ambayo fundi alisahau kuiruhusu isalimiane na jirani yake wa upande wa pili. Kumbe miaka yote hiyo walikuwa hawasemezani na hakuna aliyejua, kwa sababu hapakuwa na sababu ya kupitia pale. Nusu ya hospitali ilisimama. Mkuu wa maabara, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watoto ng'ambo ya mto, alimfuata koridoni.

"Wewe una akili kweli? Kitu kizima unakivunja?"

"Kilikuwa kimevunjika. Leo ndio tumekijua."

"Ungekiacha tusijue."

"Kingejitangaza chenyewe, mama, na kisingechagua saa nne. Bora kituaibishe tumesimama kuliko kitukute tumelala."

Aliurudisha waya, akamwelekeza fundi, na Jumanne ya mwezi uliofuata akachomoa ule ule. Tangu hapo watu walizoea. Utasikia katibu muhtasari akimwambia mwenzake ahifadhi kazi yake, leo ni Jumanne ya Mama Ruta. Kadiri miaka ilivyokwenda waliacha hata kuhifadhi. Mkuu wa maabara siku moja alimlaumu kwa kuahirisha, akisema Jumanne ile aliingojea akaona haiji.

Sisi wa mitaro tulimfahamu vizuri kwa sababu ya njia mbili. Kati ya hospitali kuu na makao makuu kulikuwa na kebo mbili. Kwenye mchoro ukutani zilionekana kama mikono miwili, mmoja kushoto na mmoja kulia. Alichomoa ya kwanza Jumanne moja, mambo yakaenda. Alichomoa ya pili Jumanne nyingine, mambo yakaenda. Mtu mwingine angeweka alama ya vema akarudi kwenye chai yake. Yeye alikuja kwetu stoo amevaa mabuti ya mpira ya buluu, akasema anataka kuitembea njia yote kwa miguu. Nyapara alimwambia mchoro upo. Akasema karatasi haina mawe.

Tukatembea naye. Pale mbele ya kituo cha mafuta alitaka chemba ifunguliwe, yaani lile shimo lenye mfuniko ambamo kebo hupita. Tukafungua. Kebo zote mbili zilikuwa humo, zimelala pamoja. Aliyeilaza ya pili zamani alikwepa kuchimba. Alifukua mtaro wa ya kwanza akaiweka pembeni, akafukia, akachora mikono miwili. Kuanzia kituo cha mafuta hadi mzunguko wa barabara, njia mbili zilikuwa ndugu wawili kitanda kimoja.

Nyapara alijaribu kututetea, maana alishaona kinachokuja. "Mama, umezichomoa zote kwa zamu na hakuna kilichozimika. Unataka nini tena?"

"Nilichomoa mimi," akasema, "na mimi nachomoa moja moja. Tingatinga halina adabu hiyo."

Kilichokuja ni mtaro mpya, nyuma ya uwanja wa mpira, kupanda kilima. Kile kilima ni mawe matupu yaliyovalishwa majani. Tulichimba miezi na miezi. Sururu zilipinda, mikono ilipasuka, na tulimsema mama yule kwa lugha zote tulizokuja nazo, kwa sababu kikosi chetu hakina hata mtu mmoja wa hapa. Sote tunalala kwenye mabanda ya mabati nyuma ya stoo na kwetu ni mbali. Yeye alikuwa anakuja kila wiki na mabuti yake, anakaa kwenye jiwe, anatuuliza habari za nyumbani. Hakuwa anauliza kwa kupitisha muda. Alijua nani mkewe kajifungua na nani hajaenda kwao tangu mvua za mwaka juzi. Akimwona huyo wa pili, atamwendea Nyapara na kumwambia, "Huyu mpe likizo. Ameanza kuongea na kebo." Na likizo inatoka.

Yeye mwenyewe hakuwahi kumaliza likizo hata moja. Mama yake mzazi anaishi mbali, safari ya siku nzima, na ni mtu mzima sana sasa. Macho yamepungua, masikio yako sawasawa. Kila mwaka binti alikwenda kumwona, na kila mwaka simu ililia kabla hajafungua begi. Ruta fulani imefanya hivi, ukanda fulani umefanya vile. Bibi yule alizoea. Simu ikilia mezani, alikuwa anasema, "Mwanao huyo analia. Nenda kamnyonyeshe." Na Mama Ruta alitoka nje kwenda kumnyonyesha, na kesho yake alikuwa kwenye basi la kurudi.

Umri wake wa kustaafu ulifika miaka miwili iliyopita. Uongozi ulimwomba aongeze mwaka, akaongeza. Ukamwomba tena, akaongeza tena, na wakati wa kusaini alikuwa amesimama kwa muda mrefu na kalamu. Mwaka huu ukamwomba mara ya tatu. Safari hii mama yake alikuwa amemtumia ujumbe kupitia kwa mpwa wake, maneno machache: nikifa msimpigie, mtakuta simu yake inatumika. Alitusomea ujumbe ule kwa kucheka, pale stoo, na hakuna aliyecheka naye. Sisi tulio mbali na kwetu tunaujua mzaha wa namna hiyo unatoka wapi.

Mkurugenzi naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Zahanati zimefika mia moja na arobaini. Anayebaki kwenye kiti ni fundi mwenzake Mama Ruta, dada ambaye wenzake wanamwita Kimya kwa kuwa anaweza kufanya kazi na wewe wiki nzima na usijue sauti yake. Kimya alifundishwa na Mama Ruta miaka tisa, lakini mkurugenzi alikuwa hajawahi kumsikia akisema jambo, na mtu asiyesema ni vigumu kumkabidhi hospitali. Mama Ruta alikuwa anavutwa pande mbili. Akiondoka na mtandao ukaanguka, wagonjwa watangoja majibu. Akibaki, mama yake hatamngoja.

Akaja na jibu la Jumanne. Alimwambia mkurugenzi, "Kabla hujanipa mkataba mwingine, nichomoe kwanza." Maana yake aende likizo mwezi mzima, kama waya uliotolewa, simu ya kazi abaki nayo Kimya, na mtu yeyote asimpigie ile ya kwake. Mtandao ukianguka, atarudi na kusaini. Ukisimama, anastaafu. Mkurugenzi akakubali. Mama Ruta akapanda basi akiwa na begi moja, na tulimwona dirishani anapapasa mfuko mtupu aliozoea kuwekea simu.

Wiki mbili za kwanza hapakuwa na jambo. Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, wanaopanua barabara walileta tingatinga kwenye mzunguko. Kikosi chetu kilikuwa karibu, tunarekebisha chemba. Tulipiga kelele, lakini tingatinga halisikii. Liliinua mkono wake na kwenye meno yake kukawa kunaning'inia kebo kuu kama mlenda. Dereva akashuka, mikono kichwani. Nyapara alimpigia Kimya, na sisi tukamzunguka kusikia.

"Kebo kuu imekatika pale mzunguko," Nyapara akasema.

"Tumeona," Kimya akajibu. "Imehama."

"Imehamia wapi?"

"Kwenye mtaro wenu wa mawe."

Tukabaki tunatazamana. Mmoja wetu alikaa chini ukingoni mwa barabara, akatazama viganja vyake. Ruta za pande mbili zilikuwa zimetuma salamu, hazikuitikiwa, zikageukia kilimani. Dirisha la dawa waliona skrini imesita kidogo, kama mtu anayemeza mate, halafu ikaendelea. Maabara hawakuona chochote. Kule machimboni hawajui mpaka leo, na sasa watasoma hapa.

Mkurugenzi alipata habari kutoka kwa watu wa barabara waliokwenda kuomba radhi. Alishuka kwenye chumba cha mitambo na simu mkononi, jina la Mama Ruta limeshatokea kwenye kioo, bado kubonyeza. Kimya hakunyanyuka. Alimwambia, "Mpigie tu, umsalimie. Maana la kumwambia hatuna." Mkurugenzi alitazama taa za mitambo, zote za kijani, akairudisha simu mfukoni. Jioni kebo ilikuwa imeshaunganishwa. Wanasema hayo ndiyo maneno ya kwanza mkurugenzi kuyasikia kutoka kwa Kimya, na kwamba alitoka pale ameridhika.

Mama Ruta alirudi mwisho wa mwezi, amenenepa. Habari za tingatinga alizipata getini kwa yule mlinzi wa sigara. Hakupanda ofisini. Alikuja moja kwa moja stoo kwetu, akakaa juu ya gurudumu tupu la kuzungushia kebo.

"Kebo kuu imekatwa," akasema.

"Ndiyo, mama," Nyapara akajibu.

"Na mtandao ukapita kilimani."

"Ndiyo."

"Na hakuna aliyeniambia."

"Ulikataza, mama."

"Najua nilikataza," akasema. "Lakini hata kunibipu?"

Tulicheka sana siku ile, naye akacheka mpaka akafuta macho kwa kona ya kitambaa. Halafu akatuambia ya huko alikotoka. Siku za kwanza, kila saa ya chakula, mama yake alikuwa anatega sikio. "Mbona mwanao halii?" alikuwa anauliza. Binti alikuwa anajibu kwamba amelala. Wiki ya pili akauliza tena, akajibiwa vile vile. Wiki ya tatu, siku hiyo hiyo ya Alhamisi, wanachambua mchicha, bibi hakuuliza. Alisema tu, kama mtu anayeongea na mchicha, "Amekua."

Mama Ruta alipanda juu akaandika barua ya kustaafu.

Ratiba ya Jumanne ni hii. Wageni watakunywa chai ukumbini. Saa nne kamili Mama Ruta na Kimya watakwenda chumba cha mitambo, na Kimya atalifuta jina la Mama Ruta kwenye ruta zote, ukanda kwa ukanda, asiweze tena kuingia hata akitaka. Ameomba mwenyewe ifanyike yeye akiwa amesimama pale, na ndicho atakachochomoa mara ya mwisho. Wageni wasishtuke. Wakiona wanaendelea kunywa chai na hakuna anayekimbia, wajue imefaulu.

Mama Ruta, kikosi cha mitaro kinakushukuru. Tunakushukuru kwa chai, kwa likizo ulizotuombea, na kwa kilima pia, sasa mikono imepona. Hospitali nzima inakushukuru kwa siku zote ambazo haikujua kwamba kuna jambo limetokea. Nenda ukakae na mama yako, Mwenyezi awape nyote afya na siku ndefu, na milo mtakayoimaliza mkiwa mmekaa. Na Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi, simu yako ikilia mara moja ikakata, usitoke nje na usipige. Ni sisi tumekubipu. Tutakuwa tunataka kujua upo.